Namba Tisa wa Dukani kwa Dobi

Mshambuliaji wa kweli anawezaje kumwambia mtoto akubali kucheza beki?

Swali hilo lilinikaa kooni nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sikupata wa kunijibu. Nilichokuwa nacho ni tuhuma, nami nilikuwa mtoto wa kuziamini tuhuma zangu kuliko maneno ya watu wazima. Tuhuma yenyewe ilikuwa kwamba jirani yetu Mturuki, aliyesema alivaa jezi namba tisa katika ligi kuu ya kwao, hakuwahi kufunga kitu chochote zaidi ya vifungo vya mashati ya watu.

Nikuambie nilivyolikumbuka. Mwezi uliopita nilikwenda Barking, huku kwa Waingereza nilikokulia, kumwona rafiki yangu aliyejifungua, nikafika mapema, na miguu ikanipeleka yenyewe kwenye mtaa wetu wa zamani. Tulikaa juu ya duka la dobi. Siku hizi duka lile linauza sigara za mvuke. Kwa hiyo mvuke bado upo, ukipenda kusema hivyo, ila sasa unanuka stroberi. Kijana wa dukani aliniuliza natafuta ladha gani. Nikamwambia natafuta duka lililokuwa hapa zamani. Akasema yeye alipokuja alilikuta hivi hivi, kana kwamba ulimwengu ulianza siku aliyoajiriwa.

Kama hujakaa juu ya duka la dobi wakati wa baridi, kuna starehe moja ya dunia imekupita. Chini yetu mashine za kupigia pasi zilianza kupumua kabla hatujaamka: pshh, kimya, pshh. Joto lilipanda likapita kwenye mbao mpaka nyayoni. Bibi yangu, aliyetoka Mombasa kuja kunilea kwa kuwa mama alikuwa muuguzi wa zamu ndefu, aliichunguza sakafu yote ya sebule, akatandika mswala wake juu kabisa ya mashine kubwa. Akisujudu alikawia kuinuka. Nilimuuliza kama alikuwa akikawia kwa ajili ya ibada au kwa ajili ya joto. Akaniambia Mungu ndiye aliyeviumba vyote viwili, na vitunguu vinanisubiri jikoni.

Nyumba yetu ilinukia iliki siku za Jumamosi. Bibi aliukanda unga wa mahamri kwa kifundo cha mkono, mimi nikikuna nazi huku nalalamika kwa Kiingereza, naye akijifanya kiziwi. Hakuna neno la Kiingereza lililowahi kumfikia bibi yule ndani ya nyumba yake, ingawa sokoni alilisikia kila neno. Ukitaka kitu ulikiomba kwa Kiswahili au ulikikosa. Ndiyo maana leo naweza kukuandikia haya, na wenzangu niliokua nao Barking hawawezi. Mahamri yakishaiva, bakuli moja la bati lilifunikwa kwa kitambaa, nami nikalishusha chini kwa dobi pamoja na mbaazi za nazi. Bakuli hilo halikurudi tupu hata siku moja. Mke wa dobi, aliyekaa nyuma kwenye cherehani yake, alilijaza zeituni au zile mboga za majani ya mzabibu zilizokunjwa na wali ndani, ambazo Bibi aliziita vibahasha.

Mimi nilimwita dobi Ami, kama ninavyowaita ndugu za baba yangu, na yeye alilipokea jina hilo bila kuuliza. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mwenye masharubu yaliyokwisha kubadilika rangi, na hatua fupi za haraka. Bibi alizungumza naye Kiswahili, yeye akijibu Kituruki, na walikutana katikati kwenye maneno machache yaliyofanana: chai, sabuni, habari, dunia. Ukiwasikia ungedhani wanazungumza mambo ya falsafa.

"Dunia," Bibi husema, akimkabidhi pazia.

"Dunia," Ami hujibu, akitikisa kichwa.

Kisha kila mtu hurudi kwenye kazi yake ameridhika.

Baada ya shule nilikaa pale dukani mpaka mama arudi. Kazi yangu ilikuwa kutoa pini na vibanio kwenye nguo zilizoingia na kuangalia mifuko. Huku mikono ikifanya kazi, mdomo wangu uliuliza. Ami alisimulia akiwa anapiga pasi, hakuwahi kusimulia akiwa amekaa. Alizaliwa kwenye mji wa milimani kando ya Bahari Nyeusi, mashamba ya chai yameshuka mpaka barabarani, na uwanja wao ulikuwa umechongwa kwenye ubavu wa mlima. Mpira ukipaa juu ya lango ulikuwa umekwenda zake bondeni, na aliyeupiga ndiye aliyeufuata. Kwa hiyo watoto wa mji ule walijifunza kupiga chini chini. Kutoka hapo alichukuliwa na timu ya daraja la pili, ambako msimu ulifunguliwa kwa kuchinja kondoo dume kwenye mstari wa katikati, na kila mchezaji akapakwa tone la damu kwenye paji la uso. Halafu ligi kuu, mji mkubwa, jezi namba tisa. Alipenda kusimulia mabao mabaya. Bao la ugoko. Bao la mgongo, amelala chini, beki amempigia mpira akiwa hana habari.

"Bao zuri ni la mpigaji," aliniambia. "Bao baya ni la mshambuliaji. Maana yake alikuwepo."

"Ulifunga mabao mangapi, Ami?"

"Mengi. Kuliko maswali yako." Akageuza mkono wa shati, akafikiri. "Hapana, nimekudanganya. Maswali yako ni mengi zaidi."

"Na mbona uliacha?"

Hapo kila mara alilipiga paja lake la kulia. "Goti," alisema. "Goti likakatika, basi."

Sasa hebu nifikirie mimi, mtoto wa maswali, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kila siku nilimwona mtu yule akipiga magoti mbele ya wateja, pini mdomoni, akipima pindo za suruali. Alishuka kama kijana na kuinuka bila kushika kitu.

"Ami, mbona unapigia goti bovu?"

"Hili ni lile jingine."

"Jana ulilipigia hilo hilo."

"Basi jana lilikuwa zima."

Juu ya kaunta palikuwa na picha moja, mchezaji mwenye namba tisa mgongoni, amempa mpiga picha kisogo, mbele yake ukungu na matope. Hata mimi ningeweza kubandika mgongo wa mtu ukutani nikasema ni wangu. Nikaenda maktaba nikaliandika jina lake kwenye kompyuta kwa kila namna niliyoweza. Nilipata daktari wa meno na muuza matrekta. Nilipomweleza Bibi matokeo ya uchunguzi wangu, aliniuliza kama kompyuta hiyo ingemjua yeye. Nikasema haiwezi. "Basi na mimi sipo," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Lakini nilimhitaji Ami, awe mkweli au mwongo, kwa sababu nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Nilitaka kuwa mshambuliaji wa timu ya wasichana ya wilaya. Shuleni nilikuwa mrefu kuliko wote, na mwalimu wa michezo, mwanamke mwenye sauti ya kirungu, aliniweka beki tangu siku ya kwanza. Alisema nina nguvu. Nikamuuliza mbona wasichana wote weusi wa timu yetu tuna nguvu na tuko nyuma, na wembamba wenye nywele za kufungwa mkia wote wana akili na wako mbele. Akasema nina maswali mengi. Hilo nilikuwa nalijua.

Nyuma ya duka palikuwa na reli ya nguo, ile inayozunguka kwa umeme, nguo zote za wateja zimening'inia ndani ya mifuko ya nailoni. Unabonyeza kitufe, nguo zinatembea zenyewe mpaka unayoitaka ikufikie. Siku niliyomweleza Ami habari za mwalimu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaning'iniza kanzu moja nyeupe katikati ya makoti ya baridi, akabonyeza kitufe.

"Iguse kanzu," akasema. "Usiguse koti."

Nikaingia, koti likanipiga usoni, mke wake akacheka kutoka kwenye cherehani.

"Unatazama makoti," Ami akasema. "Makoti ndiyo mabeki. Ya nini kuwatazama? Patazame wanapopaacha."

Ndivyo tulivyofanya majira yote ya baridi, mara nguo za siku zikiisha. Reli ilinguruma, nailoni ilichakarika, mimi nilikimbia kati ya makoti ya watu wa Barking nikitafuta upenyo unaofunguka na kujifunga. Alibadilisha mwendo bila kunionya. Alisimamisha ghafla. Wakati mwingine alinizuia kabisa kukimbia; nilisimama tu nikatazama, nikasema kwa sauti upenyo utafunguka wapi kabla haujafunguka. Ilinichukua muda mrefu kuijua kazi ile. Nilianza kuona nafasi kila mahali, kwenye foleni ya basi, kwenye ngazi za stesheni watu wanapomiminika. Mpaka leo siwezi kupita kwenye umati bila kuupima.

Halafu ikaja habari ya mchujo. Wasichana wa shule zote za wilaya wangecheza Jumapili moja mbele ya makocha, na watakaofaa wangeingia timu. Mwalimu aliniandikisha beki. Nilishuka dukani nikiwa na mpango tayari: wakiniweka nyuma sitacheza, nitavua kizibao niwarudishie, nitoke. Nilidhani Ami atanipigia makofi.

Aliweka pasi chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliketi ili azungumze.

"Wakikuweka nyuma, cheza nyuma."

"Lakini mimi si beki."

"Najua wewe si beki. Wakikuweka langoni, simama langoni. Wakikupa bendera ya pembeni, shika bendera. Usitoke uwanjani. Umenisikia, binti? Aliye nje hana upenyo."

"Wewe ulikubali kucheza beki?"

Aliinuka. Mke wake naye akasimamisha cherehani, nakumbuka kwa sababu chumba kilikuwa kimya ghafla. "Mimi goti," akasema, akarudi kwenye pasi.

Hapo ndipo tuhuma yangu ilipokomaa. Namba tisa gani huyu, nilijiuliza nikiwa nimekaa kwenye ngazi zetu, anayemwambia mtu akubali? Washambuliaji niliowaona kwenye televisheni walirusha mikono kwa refa, wakagombana na makocha, wakatoka uwanjani na hasira zao. Huyu alikuwa dobi tu, na goti lake zima.

Asubuhi ya mchujo nilishuka na mfuko wangu wa viatu. Ami hakuwepo; mke wake alisimama mlangoni na jagi la maji, na nilipopita tu akayamwaga yote nyuma ya visigino vyangu, shwaa, njia nzima ikalowa. Ukimjua bibi wa Mombasa unajua kilichofuata. Bibi alikuwa dirishani juu. Kwa miezi mingi alikuwa amemwona mwanamke yule akimwaga maji nyuma ya watu, na alikuwa na maoni yake, ndiyo maana ngazi zetu zilifukizwa ubani kila Alhamisi. Aliteremka na leso begani, haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Umeyavuka?" akaniuliza.

"Bibi, nachelewa."

"Nimekuuliza, umeyavuka au hujayavuka? Muulize huyu amemwaga nini nyuma ya mjukuu wangu."

Nikamuuliza. Mke wa Ami, jagi mkononi, akaeleza kwa Kiingereza chake kidogo kwamba kwao anayesafiri humwagiwa maji, aende kama maji na arudi kama maji, asizuiwe na kitu. Nikatafsiri. Bibi aliitazama ile njia yenye maji, akanitazama mimi.

"Na miezi yote hii hakusema?"

"Hukumuuliza, Bibi."

"Mwambie ameninyima usingizi." Halafu akachukua jagi, akatikisa matone yaliyobaki, akayamwaga nyuma yangu na yeye. Nilikwenda kwenye mchujo soksi zikiwa zimelowa.

Walinipa kizibao cha rangi ya machungwa, wakaniweka beki wa kati. Mbele yetu, katika nafasi yangu, alikuwa msichana aliyekuwa akiukimbiza mpira kama kuku aliyepotea. Kila mpira uliofika kule ulipotea. Makocha waliandika, hakuna aliyeandika akinitazama mimi. Kabla ya mapumziko nilikwisha kushika upindo wa kizibao, nimekipandisha mpaka tumboni. Vidole vilikuwa tayari. Nilitaka sana wote waone nikitoka. Na nikiwa nimekishika hivyo, nikawa namchukia dobi yule, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyonizuia: aliye nje hana upenyo. Nikakishusha.

Kipindi cha pili niliunyang'anya mpira karibu na lango letu. Nikainua macho nimtafute wa kumpa, nikaona makoti. Sina namna nyingine ya kukueleza. Watu wa timu nyingine walikuwa wanatembea, na kati yao palikuwa panafunguka na kujifunga, panafunguka na kujifunga, polepole kuliko reli ya Ami. Nikaingia. Nikasikia mwalimu akiita nirudi nyuma. Nikampita wa kwanza, wa pili, nikampa mwenzangu wa pembeni, sikusimama kutazama, nikakimbilia pale ambapo beki alikuwa anapaacha. Mpira ulirudi ukiwa mbaya, umedunda, ukanigonga ugokoni ukaingia. Bao baya kabisa.

"Rudi nyuma," mwalimu akasema, safari hii kwa sauti ya chini. Nikarudi. Kisha nikaenda tena.

Nilichaguliwa. Kwenye karatasi ya ubaoni nilikuwa beki. Jioni nilimkuta Ami dukani, ingawa Jumapili hakufungua, na bilauri mbili ndogo za chai zikitoa moshi kwenye kaunta.

"Beki," nikamwambia, kama mtu anayemshtaki. Sikumtajia bao.

"Ulitoka?"

"Sikutoka."

Akageuka kwenye mashine, akaanza kupiga pasi mkono wa shati. Aliupiga mkono ule mmoja muda mrefu sana, mvuke umemfunika uso, mpaka chai yangu ikapoa. Mimi nikadhani hana habari nami. Nikapanda juu nimeudhika.

Ilichukua msimu mzima wa kwenda mbele bila kuitwa ndipo kocha wa wilaya alipochoka kunirudisha, akaniachia namba tisa. Nimeivaa tangu hapo, chuo kikuu, na sasa Jumapili kwenye nyasi mbovu na wanawake wenye kazi na watoto. Hakuna aliyenipa. Niliingia kwa kuwa nilikuwepo.

Bibi amezikwa kwao Mombasa. Mama alihamia Hayes, kwenye nyumba yenye zulia, ambako miguu haisikii kitu. Duka liliuzwa, reli sijui ilikwenda wapi, na makoti ya siku hizi watu huyafua wenyewe nyumbani. Siwezi kukuambia kwamba zamani palikuwa pazuri zaidi. Palikuwa na panya, na mama alilia jikoni akidhani nimelala. Lakini najua kwamba hakuna mtoto anayekimbia tena kati ya nguo za mtaa mzima akitafuta kanzu moja nyeupe, na hilo limetoweka bila mtu yeyote kuulizwa.

Nilipotoka pale kwenye duka la sigara sikuweza kutulia. Nikampigia mama, mama akampata mtu, mtu akampata mke wa Ami. Anakaa Harrow kwa mwanawe wa kiume. Nikakanda mahamri, mabaya kuliko ya Bibi, nikaenda. Ami mwenyewe, akaniambia, karibu mwaka mzima yuko kwao milimani kwa kaka yake, anachuma chai. Tuliketi jikoni tukikunja vibahasha. Nikamuuliza hali yake, na goti lake linamsumbua vipi huko kwenye miteremko.

"Goti?" akasema. "Goti gani?"

"Lililomwachisha mpira."

Alicheka mpaka akaweka jani chini. Halafu akaacha kucheka. Nikatoa simu, nikasema nitampigia nimuulize mwenyewe, sasa hivi. Akanishika mkono. "Usimuulize," akasema. "Mwache na goti lake."

Akanisimulia yeye siku Ami alipoacha mpira. Ami alikuwa na umri nilio nao mimi sasa, na wao wawili walikuwa wamechumbiana, hawajaoana. Timu ilipata kocha mpya, na katikati ya mechi, wakati wa mapumziko, kocha akamwambia kipindi cha pili arudi nyuma acheze beki. Ami akavua jezi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Yeye, mchumba wake, akashuka jukwaani kumfuata. Walikaa kwenye ukingo wa barabara nje ya uwanja, jezi mapajani mwa Ami, wakisikiliza makelele ya watu ndani, Ami akisubiri kocha atume mtu aje kumwita. Mechi ikaisha, watu wakatoka wakipita mbele yao, na hakuna aliyekuwa ametumwa.